Raspberry Shake, slinki au pendulamu ya Lehman: kipi cha kuweka Malindi?

Anayetaka kusikiliza matetemeko ya ardhi akiwa nyumbani kwake Malindi ana njia tatu zinazojulikana na zinazofanya kazi. Anaweza kununua Raspberry Shake, kipima kidogo cha matetemeko kilichoundwa tayari, au aunde kipima cha wima kwa slinki, ile springi laini ya kuchezea watoto, akifuata ramani iitwayo TC1, au ajenge pendulamu ya kulala ya Lehman kwa vyuma vya mafundi wa hapahapa. Vyote vitatu vina sifa nzuri, ila sifa hizo nyingi zimetoka California na kwingineko ambako ardhi hutikisika kila wiki karibu na nyumba. Pwani yetu si hivyo. Tetemeko dogo la jirani ni nadra, na tathmini isiyoanzia hapo itakuuzia kifaa kizuri kwa kazi usiyokuwa nayo.

Basi Malindi inasikia nini? Tetemeko kubwa la Kenya lililopimwa, lile la Subukia la 6 Januari 1928 lenye ukubwa wa 6.9, lilikuwa bara, kwenye Bonde la Ufa. Lililotukaribia miaka ya karibuni ni la 12 Agosti 2020, ukubwa karibu 6.0, baharini mbele ya Rufiji, takriban kilomita 450 kusini ya Malindi. Mengine makubwa hutoka mbali zaidi. Lile la Sumatra la 26 Desemba 2004, ukubwa 9.1, lilitikisa ardhi ya hapa kama dakika kumi tu baada ya kuanza, lakini maji yake yalichukua saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi hadi kumzamisha mtu mmoja hapa Malindi. Halafu kuna jambo la ajabu la Mayotte: tarehe 11 Novemba 2018 mawimbi ya taratibu, moja kila sekunde 16 au 17 hivi, yalizunguka dunia nzima bila mtu yeyote kuyahisi, na vituo vya Kenya viliyanasa. Chanzo kilikuwa volkano chini ya bahari, karibu kilomita 1,200 kutoka hapa.

Kwa orodha hiyo, sehemu kubwa ya sauti inayofika huku ni nzito na ya polepole. Hicho ndicho kigezo kilichotumika katika tathmini hii, na ndiyo sababu kifaa chenye elektroniki bora kuliko vyote hakikupata nafasi ya kwanza.

Tuanze na Shake, maana ndiyo inayoulizwa zaidi. Ni mradi uliotoka Panama, ukazinduliwa kwenye Kickstarter mwaka 2016. Toleo la msingi, RS1D, lina jiofoni (kihisi cha mtikisiko) moja ya wima ya 4.5 Hz na bodi ya biti 24 inayosoma mara 100 kwa sekunde, na yote hukaa juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Unachomeka umeme na kebo ya mtandao, unaisawazisha kwa kipovu cha pimamaji kilichomo, na baada ya dakika chache mstari unaanza kujichora. Faili zake hufunguka kwenye SWARM na programu nyingine za wataalamu bila kubadilishwa. Kazi ya usanifu ni safi, hilo halina ubishi. Gharama ni dola mia kadhaa, kabla hujaongeza usafiri na ushuru.

Tatizo liko kwenye jiofoni yenyewe, si kwa Shake peke yake bali kwa kila kifaa cha aina hiyo. Jiofoni ni koili iliyoning'inizwa kwa springi nyembamba ndani ya sumaku. Ardhi ikisogea, koili hubaki nyuma kidogo na volti hutoka. Jiofoni ya kawaida ya viwandani hutoa volti 28.8 kwa kila mita moja kwa sekunde, maana yake ardhi ikienda kwa kasi ya mikroni moja kwa sekunde unapata mikrovolti 28.8. Si haba. Lakini hiyo ni juu ya 4.5 Hz. Chini ya hapo nguvu huporomoka kwa mraba: ukifika 1 Hz imebaki kama sehemu moja ya ishirini, na kwa wimbi la sekunde 20 imebaki sehemu moja ya elfu nane. Watengenezaji wa Shake huinua upande wa chini kwa elektroniki, na matoleo ya karibuni yanasikia vizuri kuanzia karibu 0.7 Hz hadi 44 Hz. Wimbi la sekunde 20 haliinuliki hivyo, kwa sababu limeshazama ndani ya kelele ya chipu zenyewe.

Kwa hiyo Shake ikikaa Malindi itakupa mguso wa kwanza, yaani wimbi P, la tetemeko kubwa la Sumatra au Iran, na itakuchorea tetemeko kama lile la 2020 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Itakupa pia kila tuk-tuk, kila lori la mawe na kila pampu ya kisima. Mawimbi marefu ya juu ya ardhi, yale yanayokuja dakika nyingi baadaye na kuyumbisha mstari kwa saa nzima, itayakosa au itayaonyesha kama kivuli.

Mambo matatu ya kuangalia kwa anayeinunua. Kwanza, umeme. Stima ikikatika ghafla mara nyingi, memori kadi huharibika, kwa hiyo betri ya akiba si anasa. Betri ya volti 12 yenye kishushi cha volti 5 na ampea 2.5 inatosha. Pili, bando. Mkondo mmoja wa sampuli 100 hujaza kati ya megabaiti 8 na 15 kwa siku, kulingana na kelele ya mahali, hivyo panga angalau megabaiti 450 kwa mwezi kwa data yenyewe, kisha uongeze ya matumizi ya mtandao. Tatu, saa. Shake huchukua saa kutoka intaneti, na kwenye modemu ya simu inaweza kupotoka kwa sehemu za sekunde. Kipokezi cha GPS cha USB ni rahisi na kinamaliza shida hiyo. Alama: 9 kwa ufundi, 6 kwa masikio yanayofaa pwani hii.

Wapo wanaojaribu kuikwepa bei kwa kununua jiofoni tupu na kuisomea kwa ADS1115, ile chipu ndogo ya biti 16. Hesabu inakataa. Hata kwenye kipimo chake cha chini kabisa, voliti 0.256 kwenda juu na chini, hatua moja ni mikrovolti 7.8, sawa na kasi ya robo mikroni kwa sekunde. Vyote vilivyo vidogo kuliko hapo vinageuka ngazi za mraba kwenye mchoro. Weka ampi (kikuza ishara) ya mara 50 hadi 100 mbele yake, au tumia ADS1256 ya biti 24 yenye ampi yake ya mara 64 ndani. Na kabla ya kulaumu chipu, pima jiofoni kwa multimita: nyingi za aina hii zinapaswa kuonyesha karibu omu 375. Nakala za bei ya chini zinazouzwa mtandaoni mara nyingine hubandikwa 4.5 Hz huku ndani ni 10 Hz. Igonge kidogo bila rizista, rekodi inavyolia, uhesabu mizunguko kwa sekunde. Hapo ndipo rahisi inapokuwa ghali.

Rizista nayo isisahauliwe. Jiofoni ya SM-24, ambayo ni ya 10 Hz, ikiachwa wazi ina breki ya 0.25 tu ya ile ambayo ingeizuia kucheza kabisa, yaani ukiigusa inalia kama kengele. Rizista ya omu 1,000 ikifungwa sambamba na koili inaipandisha hadi karibu 0.69, na hapo ndipo panapotakiwa. Jiofoni za wima na za kulala pia hazibadilishani: ya wima ukiilaza, koili inakaa ukingoni na hakuna kitu kinachotoka.

TC1 ya slinki haihitaji maneno mengi. Ni ramani ya Ted Channel wa Idaho, Marekani: springi ya slinki ndogo ya chuma inaning'inia ndani ya bomba la plastiki angavu, chini yake kuna fimbo yenye sumaku, sumaku moja hucheza ndani ya koili, nyingine ndani ya bomba la shaba ambalo ndilo breki. Bembea yake, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, ni ya sekunde moja hivi. Kwa darasa la shule hakuna kifaa kinachoeleza vizuri zaidi kinachotokea, kwa sababu kila kitu kinaonekana kwa macho, na programu ya jAmaSeis inachora bila malipo. Lakini slinki za plastiki za rangi zinazouzwa kama vitu vya watoto hazifai, lazima iwe ya chuma, na chuma hicho chembamba katika hewa ya chumvi hushika kutu mapema sana. Kisha kuna joto: springi iliyonyooka sentimita 28 inashuka karibu 0.07 ya milimita kwa kila nyuzi moja ya selisiasi inayoongezeka. Chumba cha bati kinachopanda nyuzi kumi kuanzia alfajiri hadi adhuhuri kitaishusha sumaku zaidi ya nusu milimita, na mstari hautulii. Ipake mafuta ya mashine ya cherehani, nyembamba sana, uiweke chini ya dari ya zege au makuti. Alama: 7, na 9 kwa mwalimu.

Sasa Lehman, na hapa pana mengi ya kusema.

Ramani hii ni ya James Lehman, mwalimu wa chuo huko Virginia, na ilienea baada ya kuelezwa katika jarida la Scientific American la Julai 1979. Wazo lake ni mlango uliofungwa vibaya. Kila mtu ameuona mlango ambao bawaba zake hazikusimama timazi: ukiuacha, unatembea wenyewe hadi mahali pake pa kupumzika. Ukiinamisha kidogo sana, unarudi polepole sana. Lehman ni mlango huo uliobaki mkono tu: nguzo ya chuma, mkono uliolala wenye uzito mwishoni, ncha ya mkono ikisukuma nguzo kwa chini, na waya unaoushikilia uzito kutoka juu ya nguzo. Nguzo huinamishwa mbele kidogo, kuelekea upande wa uzito. Kadiri unavyoinamisha kidogo zaidi, ndivyo bembea inavyokuwa ndefu.

Namba zake ni hizi. Kwa mkono wenye sentimita 60 kutoka nguzo hadi katikati ya uzito, bembea ya sekunde 15 inahitaji mwinamo wa digrii 0.61, sawa na milimita 3.2 katika kimo cha sentimita 30. Bembea ya sekunde 20 inahitaji digrii 0.35, yaani milimita 1.8. Ukitumia skrubu za M8 kwa miguu, ambazo hupanda milimita 1.25 kwa mzunguko, na sentimita 50 kati ya mguu wa mbele na wa nyuma, kutoka sekunde 15 hadi 20 ni mizunguko karibu miwili. Kutoka 20 hadi 25 haufiki hata mzunguko mmoja. Baada ya hapo mkono haujui tena nyumbani kwake ni wapi na unaangukia upande. Kwa udongo wa huku, ishia sekunde 18 hadi 20, usisikilize tamaa.

Sababu ya kuishia hapo ni mwinamo wa ubavuni. Kwenye bembea ya sekunde 20, sakafu ikiinama ubavuni kwa sehemu moja ya mia ya milimita katika mita moja, uzito unahama karibu milimita nzima. Mtu mzima akisimama karibu na kipima kwenye sakafu nyembamba anatosha kufanya hivyo. Mvua ya masika inafanya hivyo. Kwa hiyo acha nafasi ya milimita 4 au 5 kila upande ambako koili na bamba la breki huchezea pamoja na mkono, la sivyo wiki ya pili kitu kitakuwa kimegusa kitu na mstari utanyooka kama uzi. Anayeona mstari ulionyooka hudhani ardhi imetulia.

Vifaa vyake vinapatikana. Fremu ni tyubu ya mraba ya milimita 40, ichomelewe na fundi wa milango, isafishwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Usiiache hata siku moja na brashi ya waya peke yake, kutu ya Malindi haingoji. Mkono usiwe wa chuma, sumaku zitauvuta: chukua tyubu ya alumini ya milimita 12 kwa mafundi wa madirisha. Uzito nao usiwe wa chuma. Hapa pwani inatupendelea, maana risasi ipo kwa wavuvi: kusanya chubwi za kilo 3, ziyeyushwe nje penye upepo na mtu anayejua hatari ya moshi wake, zimiminwe kwenye kopo. Asiyetaka kuyeyusha azifunge tu kwenye kopo na kumwagia saruji.

Waya wa kuning'iniza ndipo wengi wanapokosea. Mshipi wa nailoni unaonekana una nguvu, lakini unarefuka polepole kila siku, na kila unaporefuka mkono unashuka na bembea inabadilika. Tumia waya wa chuma, ule ambao wavuvi hufunga mbele ya ndoana kwa ajili ya nguru na samaki wengine wenye meno, unene wa milimita 0.4 hivi, au waya wa gitaa. Uache siku tatu ukiwa na uzito kamili kabla ya kurekebisha chochote.

Ncha inayosukuma nguzo ikiwa msumari uliochongwa, itajichimbia shimo na msuguano utaua mawimbi madogo. Njia safi ni gololi ya beringi ya milimita 6 hadi 8 iliyogandishwa kwa gundi ya epoksi mwishoni mwa mkono, ikisukuma ubavu bapa wa ringi ya beringi kuukuu iliyobanwa kwenye nguzo. Chuma kigumu juu ya chuma kigumu, sehemu moja tu ya kugusana. Beringi za pikipiki zilizokufa zimejaa kwa mafundi wa boda, na hakuna atakayekutoza bei ya maana.

Sumaku nzuri kuliko zote za bure ni za diski za kompyuta zilizoharibika. Kila diski kubwa huwa na sumaku bapa za neodimu, kwa kawaida mbili, zenye kibamba cha chuma mgongoni. Angalia vidole. Jozi moja, zikitazamana kwa nafasi ya milimita 6, ni za breki: bamba la shaba au alumini la milimita 3 lililofungwa kwenye mkono lipite katikati bila kugusa. Jozi ya pili ni ya koili. Koili iwe kwenye mkono na sumaku chini kwenye fremu, si kinyume chake, maana sumaku iliyo juu ya mkono huvutwa na kila pikipiki inayoegeshwa nje.

Kwa koili nenda kwa mafundi wa kuwaindi mota. Waya wa shaba wa milimita 0.2, mizunguko 3,000 kwenye kibobini chenye kipenyo cha ndani cha milimita 28 na cha nje 52, upana wa milimita 14. Utatumia mita kama 377, gramu 105 hivi za waya, na multimita itaonyesha karibu omu 206. Ikionyesha chini sana ya hapo, kuna mahali vanishi imechubuka na mizunguko imegusana. Nyaya mbili za kutokea zipite karibu kabisa na gololi, zikiwa nyembamba na zimelegea kama shanga shingoni. Zikikazana zinakuwa springi ya pili na bembea ya sekunde 20 inageuka ya 12 bila sababu inayoonekana.

Mpangilio ni huu: bembea kwanza, breki baadaye. Ondoa sumaku za breki, rekebisha mguu wa nyuma hadi upate sekunde 18, hesabu bembea tano na ugawe. Ndipo urudishe breki. Ukifanya kinyume utarudia kazi, kwa kuwa kila unaporefusha bembea, breki ileile inakuwa kali zaidi. Sukuma mkono kwa pumzi, uangalie kwenye skrini: urudi, upite upande wa pili kwa kama asilimia 5, utulie. Ukicheza mara tatu au nne, ingiza bamba zaidi. Ukirudi kwa kujikokota bila kupita kabisa, litoe kidogo.

Kwa elektroniki, hapa chipu ya bei ya chini inaishinda ya bei kubwa. HX711, ile inayotumiwa kwenye mizani za dukani, ina biti 24 na ampi ya mara 128, inapokea milivolti 20 kwenda juu na chini, na kelele yake ni nanovolti 50 hivi ikisoma mara 10 kwa sekunde. Mara 10 inatosha kabisa kwa mawimbi ya sekunde 20. Tena kwa mwendo huo chipu yenyewe inafuta mngurumo wa 50 Hz wa stima, na mngurumo huo katika nyumba zenye nyaya za zamani si mdogo. Ina masharti mawili. Koili haiwezi kufungwa peke yake: pembejeo lazima ziwe zaidi ya volti 1.2 juu ya upande hasi (GND) wa bodi, kwa hiyo gawa volti 5 kwa rizista mbili za kilo-omu 10 na ufunge upande mmoja wa koili katikati yake. Asiyefanya hivyo hupata namba zinazorukaruka na kuitupa bodi nzima. La pili, saa ya ndani ya HX711 si sahihi. Usihesabu sampuli ukidhani ni 10 kamili, bali kila sampuli ipewe muda na kompyuta inayolingana na GPS au intaneti.

Muda wenyewe uandikwe kwa UTC, saa moja ya dunia nzima, na si vinginevyo. Kati ya saa za Kiswahili, saa za simu na UTC pana mitego miwili: tetemeko la saa 12:00 UTC ni 15:00 kwenye simu, na ni saa tisa alasiri kwa muuza samaki. Daftari lenye mchanganyiko wa hizo tatu halina faida kwa mtu.

Alama ya Lehman: 6 kwa urahisi, 9 kwa kusikia kinachofika Malindi. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba husikia mwelekeo mmoja tu. Mkono ukielekea kaskazini na kusini, kipima husikia mashariki na magharibi, na huo ndio mpangilio wa kuchagua hapa: mawimbi ya juu ya ardhi ni ya aina mbili, ya Rayleigh ya Sumatra yanaingia kutoka mashariki na kutikisa kwa mwelekeo yanaokwenda, na yale ya Love yatokayo upande wa Rufiji na Msumbiji hutikisa kwa ubavu, mashariki na magharibi vilevile.

Mahali pa kukiweka ni nusu ya kifaa. Kusini mwa mji kuelekea Watamu na Gede, jiwe la matumbawe liko karibu. Ukichimba na kulifikia, mwaga zege ya sentimita 60 kwa 60, unene 15, kwa vipimo vya moja, mbili, nne vya saruji, mchanga na kokoto. Mchanga usiwe wa ufukweni. Zege isiguse ukuta wa nyumba: acha mwanya wa vidole viwili. Kwenye mchanga mtupu upande wa Sabaki kifaa kitafanya kazi ila kitainama kwa majuma, na utakuwa unazungusha skrubu kila Ijumaa. Kaa mbali na mnara wa tangi la maji kuliko unavyodhani, na umbali kutoka kwa mnazi usiwe chini ya urefu wake, maana upepo hutikisa mti na mti hutikisa ardhi.

Lamu ni habari nyingine. Mkomani na Langoni hakuna magari, na kuta nene za mawe na chokaa huzuia joto kuruka, jambo linaloipendeza Lehman na slinki pia. Iwekwe chini kabisa, kamwe si juu ya boriti za ghorofa. Punda huonekana kama vijiti vifupi kwenye Shake, lakini Lehman haiwajali sana, kwato zao ni za haraka mno kwake. Siku za Maulidi ziweke alama kwenye daftari tu. Shida ya Lamu ni maji: karibu na ufuo, kina cha maji chini ya ardhi hupanda na kushuka na bahari, na mkono utahama taratibu mara mbili kwa siku. Ukiuona mstari unaobembea kwa saa kumi na mbili na dakika chache, hilo si tetemeko, ni maji kujaa na kupwa.

Bahari yenyewe hainyamazi popote. Mawimbi yanapokutana na kugongana, sakafu ya bahari hupigwa kwa nusu ya muda wa wimbi, kwa hiyo mawimbi makubwa ya sekunde 8 hadi 16 yanaleta mtetemo wa sekunde 4 hadi 8 usiokoma. Wakati wa kusi unanenepa, demani ikiingia unapungua. Kipima kisichouonyesha kabisa kina kasoro. Anza hapo unapokijaribu, kabla ya kungoja tetemeko lolote. Kwenye programu uchuje sekunde 4 hadi 8 ukitafuta mawimbi marefu, lakini hifadhi faili isiyochujwa.

Mfuniko ni lazima. Boksi la foamu la kubebea samaki, likioshwa vizuri na kufungwa kwa gundi ya karatasi kwenye mishono, linashinda plaiwudi, kwa sababu hewa inayozunguka ndani ndiyo kelele kubwa ya Lehman. Weka vipakiti vya kukaushia unyevu ndani, vibadilishwe kila mwezi, na dawa ya sisimizi kuzunguka zege.

Siku mchoro utakapovimba bila sababu ya jirani, fungua kwanza data za kituo cha Kilima Mbogo, KMBO, ambacho rekodi zake ziko wazi mtandaoni. Kama nacho kimevimba, hesabu sekunde kati ya wimbi P na wimbi S, ule mguso wa pili unaofuata, zidisha kwa 8, utapata umbali wa karibu kwa kilomita kwa tetemeko la ukanda huu. Lile la Rufiji la 2020 kutoka hapa lingekupa sekunde 55 hivi. Kama KMBO imetulia, fungua boksi taratibu kwa tochi na utafute buibui.